Mdomo wa Mtihani

Wiki iliyopita niliwaacha midomo wazi. Mniwie radhi, ni mazoea ya kazi ninayojifunza.

Kwa aliyekosa gazeti lile, au aliyelifungia dagaa wa sambaza kabla hajalisoma, mambo yalikuwa hivi. Mimi Cibalonza, mwanafunzi wa kazi ya kusafisha meno katika kliniki moja ya hapa Bukavu, nilikuwa nimebakiza mtihani wa mwisho tu. Mtihani wetu hauandikwi. Kila mwanafunzi analeta mdomo wake, yaani mtu mzima mwenye ugaga wa kutosha kwenye meno, anamkwangua, na walimu wanaangalia.

Mdomo wangu ulikuwa Papa Stanislas, mchimba dhahabu wa Mwenga. Kiko kilikuwa hakimtoki mdomoni, na ugaga wake ulikuwa mgumu kama sakafu ya kanisa. Alikuwa na jino moja la dhahabu, chini, upande wa kushoto. Kaka yangu Isidore, dereva wa lori, ndiye aliyeniletea mzee huyo, na nilifanya mazoezi kwake mara nyingi.

Isidore ndiye pia aliyempandisha lorini kumrudisha kwao. Papa Stanislas hakufika. Isidore aliapa kwamba alimshusha kwenye kona moja juu ya Burhale, mahali ambapo gari ndogo ilikuwa ikimngoja. Waliosikia waliguna. Askari wakamtupa kaka yangu kwenye kasho, mahabusu yao.

Basi nikapoteza mdomo na kaka kwa pigo moja. Hapo ndipo tulipoishia.

Sasa, nani atanipa mdomo mwingine? Ninyi wenyewe msingenipa, ninawajua. Huku kwetu watu wanaamini kwamba ugaga ndio saruji inayoshikilia meno.

Nilianza na Tantine Domitille, dada ya marehemu baba.

“Unataka kunitoa mawe ya meno?” akaniuliza.

“Ndiyo, tantine. Meno itabakia mweupe.”

“Itabakia wapi? Ukiondoa msingi, nyumba inabakia?”

“Tantine, ile si msingi. Ni uchafu.”

“Uchafu yangu iko na miaka mingi kuliko wewe. Iheshimu.”

Nikaenda kwa jirani. Yeye alikuwa mtu wa huruma zaidi: alinipa mdomo wa mbuzi wake. Nikamwambia mbuzi hana hata meno ya mbele juu. Akasema basi kazi itakuwa nusu, nifurahi.

Nilicheka njiani. Nyumbani sikucheka. Mama yangu, Maman Apolline, alikuwa amekaa mbele ya sahani ya Isidore, aliyompelekea kule kasho na ikarudishwa imejaa. Walinzi walikuwa wamemwambia asirudi tena, kwani wafungwa wengine watahamishwa na haijulikani wapi. Mnajua maana ya maneno hayo. Mama alijua pia, ndiyo maana hakuwa analia.

Jioni hiyo hiyo akaingia Patron Adalbert.

Kwenye karatasi za serikali ana jina lingine, kwa kuwa majina ya ubatizo yamekatazwa, lakini mtaa wetu wote wa Kadutu unamwita Adalbert. Lori analoendesha Isidore ni lake. Amevaa abacost ya kijivu, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, amekaa kwenye kiti chetu kizuri, na leso ameishika mbele ya mdomo muda wote kama mtu anayepita karibu na jalala.

“Maman Apolline, usilie,” akasema ndani ya leso.

“Silii, patron.”

“Isidore ni mutoto wangu. Nimeongea na wakubwa. Nitaweka sahihi yangu, batamuachilia. Siku huyu binti anafanya ekzame, siku ile ile, kaka yake atashika tena usukani.”

Mama akaanguka magotini. Mimi nilimwinua, maana sakafu yetu ni ya udongo na kanga ile ndiyo ya Jumapili.

“Na wewe Cibalonza,” patron akaendelea, “nasikia hauna mutu wa ekzame.”

“Niko na mbuzi, papa.”

Hakucheka. “Nitakupa mudomo yangu. Ufizi iko nauma, silali.”

“Sasa papa, juu ya nini usiende kwa doktere mwenyewe?” Ulimi wangu haujawahi kusoma adabu.

Alinitazama juu ya leso.

“Doktere anauliza maulizo mingi,” akasema. “Wewe ni mutoto wa nyumba.”

Mama akanifinya nishukuru. Nikashukuru. Usiku ule tulimwombea Patron Adalbert rozari nzima, na mimi nikaongeza Salamu Maria kumi za ziada kwa ajili ya ufizi wake.

Siku ya mtihani alifika asubuhi, amependeza, ananukia. Kliniki yetu ina vyumba vitatu vidogo vya kazi. Mwalimu wetu, Maman Euphrasie, alikuwa akizunguka kutoka mwanafunzi mmoja hadi mwingine. Huyu ni mama mfupi, mkavu, asiyepiga kelele. Anavyokaa mbele ya sanamu za plasta za meno, unaweza kudhani anaangalia picha za ndugu zake.

Hizo sanamu ndizo sheria yake. Kabla ya kukwangua, unajaza kijiko kikubwa chenye umbo la taya uji wa rangi ya waridi, mgonjwa anauma, ukiganda unautoa, unamimina plasta ndani: unapata sanamu ya meno kabla ya kazi. Ukimaliza kukwangua, unafanya nyingine. Sanamu ya kwanza na ya pili zinawekwa mezani pamoja, na hapo anajua kama umefanya kazi au umecheza. Bila sanamu ya pili, hakuna cheti. Hajawahi kumsamehe mtu.

“Cibalonza,” aliniambia mlangoni, “leo hakuna mizaha.”

“Maman, mizaha nimeiacha nyumbani na mbuzi.”

“Mbuzi gani?”

“Hakuna, maman.”

Patron akakaa kwenye kiti, akaweka leso mapajani. Nikavaa aproni ya kliniki, nikawasha taa, nikasema yale ninayowaambia wote, kwa sauti laini, kama nilivyofundishwa.

“Fungua mudomo, papa, bila woga.”

Akafungua.

Harufu ilinipiga kwanza. Kisha nikaona ufizi umevimba, mwekundu, chini upande wa kushoto. Katikati ya uvimbe huo, dhahabu.

Hii ni kazi ya fundi fulani wa sokoni, nikajisemea. Kofia hiyo ya dhahabu ilikuwa pana kuliko jino lililovishwa. Ilikaa kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto, na kingo zake zilikuwa zinakata ufizi.

Nikaisogezea kioo kidogo. Juu ya dhahabu kulikuwa na mbonyeo, nusu duara, laini, kama pale uzi unapokata sabuni. Mbonyeo wa namna hiyo nilikuwa naujua. Kiko kikikaa mahali pamoja miaka na miaka, dhahabu inalegea na kukipa nafasi.

“Papa,” nikamuuliza kwa furaha, mjinga mimi, “kumbe unavuta kiko?”

Alitoa kichwa chake chini ya taa.

“Kiko? Mimi? Hata sigara sijawahi.”

“Ah. Nimeuliza tu.”

“Juu ya nini unauliza?”

“Ni maulizo ya shule, papa. Tunauliza kila mutu.”

Alirudisha kichwa polepole. Macho yake hayakuniacha.

Wasomaji wangu, mikono yangu ilikuwa imefanya kazi kwenye dhahabu ile mara nyingi. Niliisugua kama sufuria ya harusi. Papa Stanislas alikuwa akinitania kwamba nitaimaliza, nitaondoka nayo kwenye brashi. Pembeni yake kulikuwa na kishimo kidogo, upande wa ulimi, ambapo chakula kilikuwa kinakwama. Nikaingiza ncha ya kichuma changu upande wa ulimi.

Kikazama.

“Papa, nitakuchoma sindano ya ganzi,” nikasema. Sijui ile sauti ilitoka wapi, haikuwa yangu. “Usisikie maumivu.”

Nikamchoma. Tukangoja. Alianza kuongea kama aliyejaza mkate mdomoni, mdomo wa chini ukalegea, nusu ya ulimi ikafa. Nikakoroga uji wa waridi, nikajaza kijiko, nikamwambia aume.

Ulipoganda nikauvuta. Kulikuwa na sauti ndogo, kama kizibo cha chupa ya dawa.

Nikageuza kijiko. Dhahabu ilikuwa imetoka na uji. Imekaa ndani, inang'aa, peke yake.

Kwenye kiti, Patron Adalbert alikuwa amefumba macho. Hakusikia kitu. Pale ilipokuwa kofia, sasa palibaki kijiti cha jino kilichopigwa tupa.

“Imeisha?” akauliza kwa mdomo uliolala.

“Bado kidogo, papa. Lala tu. Naenda kumimina plasta.”

Chumba cha plasta kiko nyuma. Kuna rafu ndefu, na juu yake Bukavu nzima inauma meno bila vichwa. Nikatafuta sanamu ya Papa Stanislas, ile ya mazoezi. Ilikuwa pale, kati ya mwalimu mmoja wa shule na sista mmoja. Nikaitoa dhahabu kwenye uji, nikaishika karibu na jino la plasta.

Mbonyeo kwa mbonyeo. Shimo kwa shimo.

Mtu haachi jino lake la dhahabu likae mdomoni mwa mwingine kama bado ana haja nalo. Hilo sikuhitaji kufundishwa.

Nilitaka kupiga kelele. Halafu nikakumbuka sahihi ya kumtoa Isidore ni ya nani. Nikipiga kelele hapa, nani anaitwa? Wale wale alioongea nao. Na kaka yangu yuko wapi saa hii, mikononi mwa nani?

Nikamimina plasta kwenye uji, palipobaki alama ya dhahabu kamili, na mbonyeo wake. Dhahabu yenyewe nikaitia kwenye mfuko wa aproni.

Nikarudi. Nikamkwangua kwa haraka, meno ya juu, meno ya chini, ugaga ukawa unaruka. Nilipofika pale, nikachukua dawa ya kufunika ufizi, ile laini kama udongo wa mfinyanzi yenye harufu ya karafuu. Nikaikandika juu ya kijiti, nikaipaka juu ya ufizi pande zote mbili, mpaka pakawa kilima cha waridi.

“Kioo,” akasema.

Nikampa kioo. Alijitazama muda mrefu.

“Dhahabu yangu iko wapi?”

“Iko chini ya dawa, papa. Ufizi iko na jeraha. Usiguse mpaka kesho kutwa, utaharibu.”

“Mpaka kesho kutwa.”

“Ndiyo, papa. Hata ulimi usipeleke.”

“Ulimi haiko,” akasema, akagonga shavu kwa kidole. “Umeiua.” Akacheka kidogo, upande mmoja tu wa uso.

Maman Euphrasie akaingia. Akavaa miwani, akamfungua mdomo, akaangalia juu, akaangalia chini, akafika kwenye kilima cha waridi. Akasimama hapo.

“Hii nini?”

“Ufizi ulitoka damu sana, maman. Nimeufunika.”

“Umefunika kabla ya sanamu ya pili?”

“Ndiyo, maman.”

“Basi hakuna sanamu ya pili.”

“Hakuna, maman.”

Alivua miwani. “Miaka yote hii, Cibalonza. Wewe wa kwanza darasani. Unajua bila sanamu ya pili ni nini.”

“Najua, maman.”

“Mumusamehe, maman,” patron akaingilia, mwema kabisa. “Kazi ni muzuri. Sisikii kitu.”

“Si wewe unayefanya mtihani, citoyen,” Maman Euphrasie akamjibu, akimwita raia tu, bila kumtazama.

Ndivyo kilivyoondoka cheti changu, mchana kweupe. Niliumia, sitawadanganya. Lakini nilikuwa na jambo moja la kufanya. Nikaenda nyuma, nikachukua sanamu ya Patron Adalbert, bado ina unyevu, nikachukua na ya Papa Stanislas, nikaziweka pamoja katikati ya meza ya Maman Euphrasie. Alikuwa amerudi kwenye chumba cha mwanafunzi mwingine. Nikajua akikaa hapo ataziangalia. Ataziangalia lini, hilo sikujua.

Nje, honi ya lori ikalia. Naijua honi ile. Inalia kama bata aliyekabwa.

“Kaka yako,” patron akasema. “Si nilisema? Twende.”

“Nina kazi ya kusafisha vyombo, papa.”

“Umeanguka ekzame, unasafisha vyombo ya nani? Twende, nikupeleke kwa mama yako na kijana wake. Atafurahi.”

Alikuwa amesimama mlangoni, anangoja, hanipi mgongo. Aproni ni ya kliniki, haitoki nje ya mlango. Nikageuka ukutani kuitundika, nikatia mkono mfukoni, na kwa kuwa gauni langu halina mfuko hata mmoja, nikafanya alivyonifundisha Papa Stanislas akicheka: dhahabu, alisema, mahali pake salama ni mdomoni, hakuna askari anayepekua mdomo wa mtu.

Nikaiweka chini ya ulimi. Ilikuwa baridi, na ilikuwa na ladha ya karafuu.

Isidore alikuwa kwenye usukani, amekonda, amenyolewa upara, amevaa koti kuukuu la patron. Aliponiona alicheka mpaka fizi zikaonekana. Nikatamani kumkumbatia nimwambie sikioni, lakini patron alikuwa tayari amefungua mlango na kunionyesha nafasi ya katikati. Nikapanda. Yeye akapanda nyuma yangu, akafunga.

“Dada yangu, umepita?” Isidore akauliza.

Nikatikisa kichwa.

“Ah. Utarudia. Mimi nimetoka kule, wewe utashindwa na meno?”

Tukaondoka. Kwenye njia ya kupanda Kadutu, Isidore akawasha taa ya kukata kona.

“Moja kwa moja,” patron akasema.

“Patron, si tunaenda kwa Maman?”

“Mbele kuna kazi kidogo. Bakubwa banataka uonyeshe ile kona ya Burhale, pale ulishusha yule muzee. Tunaenda, unanionyesha, tunarudi. Mama yenu atangoja.”

Isidore akazima taa ya kona. Tukapita mtaa wa Essence, tukapita wa Panzi, nyumba zikaanza kuachana, migomba ikaanza. Nilimkanyaga kaka yangu mguu. Akaniangalia, akanikanyaga na yeye, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni kanisani. Alidhani ninacheza. Huyo ndiye kaka yangu.

“Leo mbona kimya?” akanitania. “Patron, huyu kwa kawaida anaongea kama redio. Amehuzunika juu ya ekzame. Ingekuwa yule muzee iko, angepita.”

Nikamkanyaga kwa nguvu zote.

“Muzee gani?” patron akauliza.

“Si huyo huyo Papa Stanislas. Alikuwa mudomo yake ya ekzame. Hakukuambia? Kila safari nilimupeleka kwake. Alimuosha ile jino ya dhahabu mpaka muzee akasema sasa naogopa kucheka njiani, batanikata kichwa.” Isidore akacheka, kisha akakumbuka, akafanya ishara ya msalaba. “Mungu amusaidie popote iko.”

Lori lilipanda mlima, likashuka. Barabara ilikuwa tupu, mbele yetu Walungu, nyuma yetu vumbi.

“Alimuosha,” patron akasema hatimaye, taratibu, akiangalia mbele.

Kisha akashika shavu lake la kushoto, akalibonyeza mara moja, mara mbili. Maneno yake hayakuwa tena na mkate ndani.

“Cibalonza. Mudomo inaanza kuamka.”

Nikaona ulimi ukitembea nyuma ya shavu lake, unatafuta. Ukasimama. Akaingiza kidole, na kile kilima cha waridi kikatoka kizima, na akakiangalia kwenye kiganja, akakigeuza, akachungulia ndani yake kama mtu anayechungulia kiatu.

Kilikuwa kitupu.

“Isidore, simamisha kamyo.”

“Hapa, patron? Burhale bado.”

“Hapa.”

Lori likasimama. Injini ikazimika. Patron alijifuta kidole kwa leso, akaikunja leso vizuri, akaiweka mfukoni. Halafu akanigeukia, akanishika kidevu kwa vidole viwili kama vile mimi nilivyomshika asubuhi, na akasema kwa sauti ile ile laini niliyofundishwa na Maman Euphrasie:

“Fungua mudomo, mama. Bila woga.”